Kutu Kwanza, Injini Baadaye: Hoti Rodi ya Datsun 1200 Uani Mombasa

Marafiki wakiketi barazani kupanga hoti rodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu, neno la kwanza kutajwa ni injini. Itafuata kabureta, itafuata ekzosti, kisha mmoja atatoa simu aonyeshe picha ya gari la mtu. Hayo yote yana wakati wake. Lakini gari linalojengwa Mombasa lina hasimu anayelila hata likiwa limeegeshwa, nayo ni chumvi ya bahari. Ipo hewani kusi na kaskazi, na gari lililotoka kiwandani miaka ya sabini limeivuta kwa nusu karne. Ndiyo maana mpangilio wa kazi hapa pwani ni chuma kwanza, breki pili, kisha miguu (springi na shoki), halafu injini. Anayeugeuza mpangilio huu hujikuta na injini safi ndani ya bodi isiyoweza kuibeba, na fedha zimekwisha.

Asili ya hoti rodi ni California, kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vijana walichukua Ford za bei nafuu, Model T, Model A na ile ya 1932 iliyokuja na V8, wakang'oa madigadi na boneti ili gari liwe jepesi, wakaiongezea injini nguvu, wakaenda kukimbizana kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka kama Muroc. Kanuni yao bado inafaa: gari la watu wa kawaida, jepesi, lenye injini kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo. Ford ya 1932 haipatikani huku kwetu, na haihitajiki. Datsun 1200 pikapu inatimiza kila sharti.

Pikapu hiyo, msimbo wake B120, ilianza kuundwa Japani mwaka 1971. Uzito wake ni kama kilo 700 ikiwa tupu, gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma, springi za nyuma ni za majani, na ndani ya boneti mna nafasi ya kuingiza mkono mzima pamoja na spana. Datsun ilijipatia jina Afrika Mashariki kwenye Safari Rally: ilishinda 1970 kwa 1600 SSS, kisha 1971 na 1973 kwa 240Z, hiyo ya 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Ila kwa mjenzi sifa ya mashindano si kitu mbele ya vipuri. Afrika Kusini iliendelea kumuunda ndugu yake, Nissan 1400, kiwandani Rosslyn hadi 2008, kwa hivyo mipira ya milango, bushi na vipande vya bodi bado vinaagizika.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, basi litafute lililomo nchini tayari. Nambari za usajili zilizotangulia KAA ni za kabla ya 1989. Kabla ya kuzungumza bei, linganisha nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kitabu cha gari, kisha fanya utafutaji wa umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Gari lisilo na kitabu ni vyuma vya kuuza kwa kilo, hata likiwa zuri kiasi gani. Chukua pia sumaku, bisibisi na tochi. Sumaku isiponasa kwenye bodi, hapo pana filla, yaani kijazio kilichofichwa chini ya rangi. Bisibisi ikizama chini ya mlango, chuma kimekwisha.

Sehemu za kukagua kwa jicho kali ni hizi: kizingiti cha chini ya mlango pande zote mbili, sakafu chini ya pedali, trei ya betri, sehemu ya juu inaposhikia miguu ya mbele, chini ya mpira wa kioo cha mbele, na pale springi za majani zinapofungwa nyuma. B120 haina fremu iliyotengana na bodi. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Mlango uliooza hubadilishwa kwa saa moja, lakini kizingiti kilichooza ni gari linalojikunja katikati. Kama mashikio ya springi na vizingiti vyote viwili vimeoza, liache hilo, tafuta lingine.

Ua unaofaa hauhitaji makubwa. Sakafu ya saruji iliyo sawa, paa la mabati la kuzuia jua na mvua, mita mbili za nafasi kila upande. Usifanyie kazi chini ya mwembe, utomvu wake ni adui wa rangi. Stendi nne za chuma ni lazima. Mawe ya matumbawe na bloku za saruji hupasuka bila onyo, na hakuna aliye chini ya gari anayeweza kulikwepa. Mashine ya kuchomelea ya gesi, yaani MIG, ya ampea 150 hutosha na huendeshwa na umeme wa nyumbani, mradi waya wa kurefusha uwe wa milimita 2.5 za mraba na ukunjuliwe wote. Waya ulioviringwa hupata moto ukayeyuka.

Kuhusu marafiki: gari liandikwe jina la mtu mmoja, na daftari la matumizi liwe moja, kila risiti ibandikwe humo. Mpeane kazi kwa uwezo, si kwa kupenda. Mwenye mkono mtulivu achomelee, mwenye subira ashike nyaya, na asiye na ujuzi wowote apewe kazi kubwa kuliko zote, yaani kupiga picha kila kiungo kabla hakijafunguliwa na kuweka bolti ndani ya mikebe ya maziwa iliyoandikwa nje zinatoka wapi. Kazi hiyo ikilegea, baada ya miezi mitatu mtakuwa na ndoo ya bolti zisizo na kwao.

Sasa chuma, na hapa ndipo pa kukaa.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Chumvi ikibaki ndani ya vitundu vya kutu, rangi itafura juu yake hata ukipaka ya bei ghali namna gani. Osha kwa maji matamu, ya mfereji au ya mvua yaliyotekwa kwenye tangi. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na hilo ndilo kosa linaloharibu rangi nyingi hapa mjini: fundi hupiga msasa wa maji kwa maji ya kisima, akausha, akapaka, kumbe ameipanda chumvi upya kwa mkono wake. Malengelenge hutokea baada ya mvua za kwanza, na lawama huishia kwa muuza rangi.

Ng'oa tangi la petroli ulipeleke mbali, toa betri, na uchomoe altaneta kabla ya cheche ya kwanza. Weka ndoo ya mchanga na kizima moto cha unga karibu. Kabla ya kukata kizingiti, chomelea tyubu ya mraba ya milimita 25 kuvuka nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na gari likae kwenye stendi jinsi linavyokaa kwenye magurudumu. Pima mshazari wa nafasi ya mlango, uandike. Ukishachomelea, pima tena. Tofauti ikizidi milimita 3, mlango hautafunga vizuri, na kulirudisha ni kazi ya kukata upya.

Kata hadi ufikie chuma king'aacho, kisha ongeza sentimita mbili. Kutu huenda mbali kuliko inavyoonekana, na kiraka kilichoshonwa kwenye chuma chembamba hutoboka pembeni. Tengeneza kigezo kwa kadibodi. Shiti ya milimita 0.9 hadi 1.0 inafaa kwa bodi ya nje, 1.2 kwa sakafu na vizingiti. Usitumie mabati ya kuezekea. Zinki yake hutoboa mshono vitundu vidogo, na moshi wake humtia mchomeleaji homa usiku huohuo. Uchomeleaji wa umeme wa fimbo nao uachie mageti, kwa kuwa huunguza bodi nyembamba ikabaki tundu.

Kwa waya wa milimita 0.6, acha mwanya wa milimita moja baina ya kiraka na bodi, piga nukta kila sentimita tatu, na usifuatanishe. Piga kona hii, nenda ya mkabala, rudi katikati, subiri chuma kipoe hadi kishikike kwa mkono. Anayevuta mshono mrefu kwa mkupuo mmoja hupata bodi yenye mawimbi, na mawimbi yale hufichwa kwa filla. Filla hunyonya unyevu. Isizidi milimita 3, na isiwekwe kamwe juu ya tundu.

Kanuni nyingine ya pwani: usisugue eneo kubwa kuliko unaloweza kulipaka praima siku hiyohiyo. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja hapa, asubuhi kina vumbi la rangi ya machungwa. Tumia praima ya epoksi, mikono miwili. Ile praima nyekundu ya oksidi iliyozoeleka hupitisha maji, na peke yake si kinga. Kila kiungo cha shiti kizibwe kwa silanti, na ndani ya vizingiti pulizia nta kupitia matundu ya milimita 10, kisha uyazibe kwa vizibo vya mpira. Wapo wanaomwaga oili chafu humo. Ni afadhali kuliko kitu bure, lakini hutiririka, huvimbisha mipira ya milango, na fundi akija kuchomelea baadaye hushika moto. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yaachwe wazi. Mengi huzibwa na silanti kwa bahati mbaya, mlango ukageuka kuwa birika.

Chuma kikiwa salama, njoo kwenye breki. B120 nyingi zilitoka na dramu magurudumu yote manne. Kwa injini ya 1200 katika mwendo wa zamani zilitosha, ila kwa gari lililoongezwa nguvu hazifai. Njia iliyokwisha kuzoeleka ni kuchukua miguu ya mbele ya Datsun 120Y yenye diski, mguu mzima pamoja na kaliper (kibanio cha pedi), kulia na kushoto kutoka gari moja. Matundu ya rimu ni manne, duara la milimita 114.3. Jaribu rimu juu ya kaliper kabla ya kununua taili, kwa sababu rimu ndogo nyingine hugusa.

Mtego uko kwenye master silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki. Ile ya dramu huwa na vali ndogo inayobakisha shinikizo kwenye bomba. Diski zikiunganishwa nayo, pedi hazijiachii, gurudumu hupata moto, na dereva hudhani beringi ndiyo mbovu. Tumia master silinda ya gari lenye diski mbele na dramu nyuma, yenye saketi mbili, ili bomba moja likipasuka magurudumu mawili yabaki na breki. Mabomba mapya yawe ya shaba iliyochanganywa na nikeli, upana milimita 4.75, na midomo yake ikunjwe mara mbili. Shaba tupu huchoka kwa mtikiso. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji tele, basi yabadilishwe kila mwaka, na mkebe uliobaki wazi usirudiwe. Vumbi la pedi na viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto. Loweka, futa kwa kitambaa, usipulize kwa kompresa.

Kushusha gari ni jambo la ladha, lakini matuta ya barabara zetu hayana ladha ya mtu. Milimita 40 zinatosha. Nyuma weka bloku baina ya ekseli na springi, na U-bolti mpya ndefu. Usikubali fundi achome springi kwa gesi ili zilale. Chuma hupoteza ugumu wake, springi hukatika au hulala kabisa, na hutajua siku gani. Mbele tumia springi fupi zilizotengenezwa hivyo, pamoja na shoki fupi. Bushi zote zibadilishwe wakati huohuo.

Hatimaye injini. Ile ya 1200, jina lake A12, ina sentimita za ujazo 1171: upana wa silinda milimita 73, mwendo wa pistoni 70. Bloku ni ya chuma, hedi, kichwa kinachoifunika juu, ni ya aluminiamu. Katika familia hiyohiyo ya A kuna A14 yenye 1397, milimita 76 kwa 77, na A15 yenye 1488, milimita 76 kwa 82. A15 ilifungwa kwenye Nissan Vanette, C120 na C22, ndiyo maana ni rahisi kuipata kwa wauza vyuma kuliko injini yoyote ya mashindano. Ujazo umepanda zaidi ya robo, uzito haukupanda kiasi hicho, na bado ni kabureta na pointi (swichi ya cheche) zinazotengenezeka uani. Kuna wanaosukuma humu injini ya kisasa yenye kompyuta. Inawezekana, ila hapo unakata bodi, unabadilisha giaboksi, na unahitaji mtu wa nyaya ambaye hayupo uani kwako.

Pima mgandamizo kabla ya kulipa: plagi zote nje, koo la kabureta wazi kabisa, betri imejaa, stata izungushe mara sita. Tofauti baina ya silinda isizidi asilimia 10. Ikiwa moja iko chini, mimina kijiko cha oili humo urudie. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni vali au gaskiti. Sampu ya Vanette, bakuli la oili chini ya injini, haina umbo la ile ya pikapu, hivyo hamisha sampu na bomba la kunyonya oili kutoka A12 baada ya kulinganisha matundu ya bolti. Bloku ya A15 ni ndefu kidogo kwenda juu, basi bomba la ekzosti litahitaji kurekebishwa. Linganisha flaiwili, klachi na stata vikiwa mezani, kabla injini haijaning'inia kwenye mnyororo.

Hedi ikiwa nje, iwekee rula ya chuma iliyonyooka na ujaribu kupitisha filagoji (kibamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.1. Ikipita, ipelekwe kwa fundi wa mashine isawazishwe. Kagua kingo za matundu ya maji. Hapa utaona athari ya kisima tena: maji ya chumvi baina ya chuma na aluminiamu huila aluminiamu hadi gaskiti ikakosa mahali pa kukaa. Radieta ijazwe kulanti (dawa ya kupozea injini), nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, wala si maji ya kisima, hata siku moja, hata kwa dharura ya foleni ya feri Likoni. Beba lita mbili ndani ya gari. Radieta yenyewe ijengwe upya kwa safu tatu badala ya mbili.

Na thamostati ibaki. Mafundi wengi huing'oa kwa hoja kwamba Mombasa kuna joto. Kazi ya thamostati ya nyuzi 82 ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ikiondolewa, injini hukimbia baridi asubuhi, hula petroli, huchafua oili na kuchakaza silinda. Gari linalochemka lina sababu nyingine: radieta iliyoziba, feni dhaifu, kofia isiyoshika shinikizo, au moto uliochelewa.

Kabureta ya Weber 32/36 hufungwa kwa bamba la kuunganishia na inaipa A15 pumzi bila kuiua kwenye foleni. Shinikizo la petroli liwe karibu psi 3. Hosi ya petroli ipite mbali na ekzosti, na chini ya kabureta kuwe na bamba la kuzuia joto, la sivyo petroli itachemka ndani yake na gari litakataa kuwaka likiwa na moto. Ekzosti ya bomba la inchi 1¾ inatosha. Bomba nene zaidi huongeza kelele na kupunguza nguvu ya mwendo wa chini. Mwanya wa pointi ni milimita 0.5, vali milimita 0.35 injini ikiwa moto, mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Nyaya za zamani zisihurumiwe. Ukichuna plastiki ukakuta shaba imegeuka kijani, waya wote hutupwa. Weka kisanduku kipya cha fyuzi, relei za taa kubwa, na waya nene wa arthi kutoka injini hadi bodi. Nusu ya matatizo ya umeme pwani ni arthi iliyoota kutu.

Rangi ipigwe Januari au Februari, kaskazi ikiwa kavu, mapema asubuhi kabla ya upepo kuinua vumbi. Wakati wa masika unyevu huingia ndani ya rangi ikawa na ukungu mweupe. Thina ya kukauka polepole husaidia, ila haifanyi muujiza. Kompresa ya tangi la lita 50 huishiwa pumzi katikati ya paneli, kwa hivyo tafuta ya 100 au zaidi. Mwaga maji ya tangi kila asubuhi na uweke kichujio cha maji karibu na bunduki. Rangi ya kuchanganya na hadna hutoa isosianeti, mvuke wenye sumu. Kitambaa cha pua hakizuii kitu. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, na watoto waondoke uani.

Siku ya kuwasha, toa plagi na uzungushe kwa stata hadi geji ya oili ipande, ndipo uzirudishe. Kama kemshafti (mhimili unaofungua vali) ni mpya, ishikilie injini kwenye mizunguko 2000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, bila kuiacha ilale, vinginevyo vinundu vyake husagika mapema. Zima, iache ipoe kabisa, kaza bolti za hedi kuanzia katikati kwenda nje kwa kipimo cha kitabu, kisha urudie kupima vali. Nambari mpya ya injini na rangi mpya ziandikishwe NTSA, gari likaguliwe, na kampuni ya bima iambiwe, kabla taili halijagusa lami.

Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 50. Oili ya kwanza imwagwe kilomita 500, na filta ikatwe kwa msumeno na karatasi yake ikunjuliwe juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa kama shaba ni beringi, na gari lisiwashwe tena hadi sampu ifunguliwe.